Kambare, kibuyu na watawa 31: wasomaji wanauliza

Safu iliyopita nilieleza picha moja ya wino iliyoko Kyoto, Japani. Mtu kasimama ukingoni mwa kijito, nguo zimemchakaa, kashika kibuyu kwa mikono miwili. Majini mbele yake anapita kambare. Juu ya picha, pale ambapo wewe na mimi tungechora mawingu, pamejaa maandishi: mashairi ya watawa 31 wa Zen, lile tawi la dini ya Budha lililoingia Japani kutoka China na linalopenda kufunza kwa mafumbo. Nilitaja pia kwamba picha za aina hii, mchoro chini na mashairi juu, za kuviringishwa na kutundikwa ukutani, huitwa shigajiku. Nikaishia hapo kwa kuwa nafasi ilikwisha.

Kumbe nilichokoza nyuki. Barua ni nyingi, nimechagua chache na kuzifupisha. Wote mlioniamkia, marahaba.

SWALI: Mwalimu, watu 31 kuandika juu ya picha ya mtu mmoja si kuiharibu? Mimi nikichora, saini yangu inatosha. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ungekuwa na haki kama picha ingekuwa ya mchoraji peke yake. Hii iliagizwa. Aliyeagiza ni Ashikaga Yoshimochi, shoguni wa nne wa ukoo wa Ashikaga, yaani mtawala aliyeshika jeshi na nchi huku mfalme akibakiwa na heshima tu. Kati ya mwaka 1413 na 1415 hivi alimpa mtawa aitwaye Josetsu fumbo: kambare ana utelezi, na kibuyu nacho ni laini na mviringo, mtu amkamateje kambare kwa kibuyu? Josetsu akakitega kitendawili hicho kwa wino. Kisha wakaitwa watawa wasomi wa mahekalu makubwa ya Kyoto waje kutegua, kila mmoja kwa shairi lake. Hapo mwanzo picha ilikaa kwenye kiambaza kidogo cha kusimama karibu na kiti cha shoguni. Baadaye ndipo mchoro na mashairi vikaunganishwa kuwa kitu kimoja cha kutundika, na leo viko Taizō-in, hekalu dogo lililo ndani ya eneo la Myōshin-ji. Serikali ya Japani imeiweka picha hiyo kwenye orodha ya Hazina za Taifa.

Utamu wenyewe uko kwenye majibu. Mmoja anasema, ukitaka ustadi uzidi, kipake kibuyu mafuta. Mwingine anadakia: tukishamnasa kambare tupike mchuzi, na wali kama hakuna, tutapika mchanga. Umeona mchezo? Huku kwetu anayeshindwa kutegua hutoa mji, mtegaji akale, mambo yaishe. Hawa hakuna aliyetoa mji wala aliyetegua. Kila aliyefika aliongeza utelezi. Ni ile familia ya kambare, baba ana sharubu, mama ana sharubu, na mtoto naye ana sharubu: wote 31 wakubwa.

Kwa hiyo hawakuiharibu. Ukiyafuta yale maandishi utabaki na mtu mchafu na samaki. Waliozoea malumbano ya washairi kwenye magazeti yetu, mmoja akauliza kwa beti tano na wenziwe wakamjibu wiki zinazofuata, wataelewa haraka kuliko mtaalamu wa sanaa aliyesomea kutazama picha akiwa kimya.

Na nikuchekeshe kidogo. Herufi iliyotumika kumwandika kambare kwenye jina la picha hiyo ni ya Kichina, na kwa Kichina kweli ni kambare. Wajapani wanaitumia herufi hiyohiyo kwa samaki mwingine kabisa, mdogo, wa mtoni, mtamu wa kuchoma. Mjapani wa leo akilisoma jina hilo bila kuonywa, anaanza kumtafuta samaki asiyekuwemo.

SWALI: Mimi ni mtunzi. Hayo mashairi yao yana vina na mizani, au ni maneno tu yaliyoshushwa kwenda chini? (Msomaji, Pemba)

JIBU: Swali hili nimelisubiri tangu nianze safu. Yana sheria, tena kali.

Kwanza nikuondolee haiku kichwani. Haiku, zile tungo fupi za Kijapani za mizani 5, 7 na 5, zilishamiri katika miaka ya 1600 na kuendelea. Watawa tunaowazungumzia waliandika miaka ya 1400, na waliandika kwa Kichina. Umbo walilolipenda ni ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una herufi saba, au tano kwa lile fupi. Kila herufi ya Kichina ni silabi moja, kwa hiyo ubeti mzima ni mizani 28. Shairi letu la mishororo minne ya mizani 16 lina 64. Hebu jaribu kusema jambo lako lote kwa chini ya nusu ya nafasi uliyoizoea, ndipo utajua kwa nini shairi moja la mtawa humchukua mtafsiri ukurasa mzima wa maelezo.

Vina viko mwisho wa mshororo wa pili na wa nne, na mara nyingi wa kwanza pia. Vina vya kati hawana. Badala yake wana sharti ambalo sisi hatuna: silabi za Kichina hupanda na kushuka kwa sauti, na sheria inataja mahali pa kuweka silabi iliyotulia na mahali pa kuweka iliyopinda. Sasa shida ni kwamba Kijapani hakina mpando huo wa Kichina. Mtawa wa Kyoto hakuzaliwa akiusikia. Alikaa na vitabu vya vina, akahifadhi herufi ipi iko kundi lipi, moja baada ya nyingine, kwa maelfu. Ni kama mtu atunge kaswida kwa Kiarabu kwa kufuata bahari alizozihifadhi chuoni, na Mwarabu hajapata kukaa naye barazani. Walikuwepo waliofanya hivyo kwenye mwambao wetu, na baadhi yao walitunga vizuri.

La ajabu zaidi ni jinsi walivyosoma. Wajapani wana namna ya kulisoma andiko la Kichina huku wakiyapanga upya maneno kwa utaratibu wa Kijapani: kitenzi kinapelekwa mwisho, viungo vinaongezwa. Ukisoma hivyo vina vyote vinapotea. Mtu alikesha akitafuta kina, kisha akalisoma shairi lake kwa namna inayokiua. Jicho linakiona, sikio halikipati. Nimejaribu kulifikiria hili kama mtunzi na nimeona huruma.

Kwa nini Kichina? Kwa sababu ndiyo lugha ya elimu waliyoletewa pamoja na dini, na kwa sababu ndiyo iliyowalisha. Mahekalu makubwa ya Zen pale Kyoto, yaliyopangwa kwa daraja na kuitwa Gozan, Milima Mitano, yalikuwa pia ofisi ya barua za serikali. Shoguni alipotaka kumwandikia mfalme wa Ming huko China kuhusu biashara, aliyeshika kalamu alikuwa mtawa.

SWALI: Nilisoma kwamba nafasi tupu kwenye picha za Kijapani ni ule “utupu” wa Zen, kwamba mchoraji anakuonyesha kuwa ulimwengu si kitu. Ndivyo? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Kidogo ndivyo, lakini maneno hayo yameuzwa kwa bei ya juu mno.

Ichukue shigajiku yenye tarehe ya zamani kuliko zote zilizobaki. Ni ya mwaka 1405, iko jumba la makumbusho la Fujita, Osaka. Inaonyesha lango la fito, mwenyeji anamsindikiza mgeni wake, na mwezi mchanga umetoka. Wazo limetoka kwa mshairi wa China, Du Fu, aliyeishi kati ya mwaka 712 na 770, kwenye shairi lake kuhusu jirani: jioni imeingia kijijini kando ya mto, watu wanaagana langoni, mbalamwezi bado mpya. Mchoro umekaa chini. Sehemu kubwa ya karatasi iliyo juu yake ina maandishi ya watawa 18.

Sasa rudi siku ile mchoraji alipomaliza, kabla watawa hawajafika. Ungeona karatasi ndefu, tupu karibu yote, na kakitu kadogo chini. Mtu wa leo angeshika kidevu aseme, “Lo, utupu!” Mchoraji angemjibu kwamba hicho ni kiwanja, kimeshapimwa, wenyewe wako njiani.

Ndani ya mchoro wenyewe mambo ni mengine. Pale karatasi iliyoachwa bila wino huwa ukungu, au maji, au theluji, kulingana na kilichochorwa kando yake. Hiyo ni mbinu, na wachoraji wa China waliitumia kabla ya Wajapani. Chora mtumbwi peke yake katikati ya karatasi nyeupe, usichore wimbi hata moja: msomaji wa Lamu ataliona ziwa au bahari bila kuulizwa.

Kwa kuwa umetaja Zen na dunia isiyo kitu, niseme jambo lililonishangaza nilipoanza kuzifuatilia picha hizi. Nyingi zinaonyesha kibanda kidogo mlimani, na ndani mtu anasoma kitabu. Ipo moja maarufu ya miaka ya 1440, Jumba la Makumbusho la Taifa Tokyo, inayohusishwa na Shūbun, mwanafunzi wa Josetsu: kibanda ndani ya mianzi, msomaji mmoja, mlima nyuma. Ungedhani ndivyo watawa wale walivyoishi. Sivyo. Waliishi mjini, kwenye mahekalu yenye watu wengi, wakisumbuliwa na hesabu, wageni, ibada za wakubwa na zile barua za Ming. Kibanda walikichora kwa sababu hawakuwa nacho. Rafiki akimpa mwenzake jina la kibanda cha kusomea ambacho hakijajengwa, mchoraji anakichora, na wenzake wanaandika mashairi ya kukisifu kama vile wameshalala humo. Mfanyakazi wa mjini mwenye picha ya shamba lake la Morogoro kwenye simu, shamba ambalo hajalilima miaka minne, nadhani angekaa nao vizuri.

SWALI: Mimi ni mchoraji wa Tingatinga. Rangi zangu ni za mafuta, nikikosea napaka juu, inakauka, naendelea. Hawa wa wino mweusi wanafanyaje wakikosea? Na picha isiyo na rangi inamvutia nani? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Wakikosea wanatupa karatasi, fundi. Hakuna kupaka juu. Wino ukigusa karatasi unanyweka papo hapo, na ukipitisha brashi mara ya pili doa linaonekana wazi.

Wino wenyewe ni masizi. Yale yale ya kibatari, hakuna siri. Mji wa Nara umekuwa ukitengeneza wino huo kwa karne nyingi: utambi unawashwa kwenye mafuta ya mbegu, juu yake unafunikwa mfuniko wa udongo, masizi yanayoganda ndani yanakwanguliwa. Yanachanganywa na gundi inayotokana na ngozi ya mnyama pamoja na manukato kidogo, yanakandwa kwa mikono na kwa miguu kama unga, yanawekwa kwenye kalibu, kisha yanakaushwa polepole ndani ya majivu. Kazi hiyo hufanyika miezi ya baridi, kwa sababu joto likiingia gundi inaoza. Matokeo yake ni kipande kigumu kama kipande cha sabuni kavu. Mchoraji anakisugua juu ya jiwe lenye maji, taratibu, mpaka maji yawe meusi kwa kiwango anachotaka. Wazee waliosoma chuoni kwa ubao na kalamu ya tete hawataona jambo geni hapo, ila mlima uliotoka kwenye masizi yale yale.

Kuhusu rangi, jaribu hivi kwako. Lowesha brashi kwa maji, ikamue kidogo. Ichovye kwenye wino mwepesi mpaka tumboni. Kisha gusisha ncha tu kwenye wino mzito. Sasa ilaze ubavu uivute mara moja. Utapata mstari ambao upande mmoja ni mweusi ti, katikati kijivu, na upande wa pili karibu mweupe, vyote kwa mkono mmoja na pumzi moja. Ndivyo shina la mwanzi linavyopata mviringo wake. Wewe unayejua kumzungushia twiga mstari mweusi bila mkono kutetemeka, nadhani utaliweza kwa wiki mbili.

Aliyefika mbali zaidi kwa njia hiyo ni Sesshū. Alizaliwa mwaka 1420, akawa mtawa, akaenda China mwaka 1467 na kurudi 1469. Mwaka 1495, akiwa na umri wa miaka 76 kwa hesabu ya Kijapani, alichora picha ambayo ukiikaribia sana unaona madoa tu. Wino umemwagwa, umelowa, umetapakaa. Ukirudi hatua nne nyuma, mlima umesimama kwenye ukungu, chini yake kuna paa la duka la pombe na bendera yake, na majini mashua yenye watu wawili. Jumla ya mapigo ya brashi ni machache kuliko anayotumia mtu kuchora jogoo.

Hadithi ya picha hiyo ndiyo inayonigusa zaidi. Mwanafunzi wake, Josui Sōen, alikuwa amemaliza mafunzo na anarudi hekaluni kwake Kamakura. Akamwomba mwalimu kitu cha kuonyesha kwamba kweli amefundishwa naye. Sesshū akachora hii, na juu yake akaandika kwa mkono wake maisha yake kwa ufupi: kwamba alikwenda mpaka China kutafuta walimu, akajifunza kidogo kwa wawili watatu, na aliporudi ndipo alipotambua jinsi Josetsu na Shūbun, wazee wa nyumbani, walivyokuwa mabingwa. Josui akapita Kyoto na karatasi yake, akabisha hodi hekalu baada ya hekalu, na watawa sita mashuhuri wakaongeza mashairi juu ya maneno ya mwalimu. Kwa hiyo ile karatasi nyembamba, upana wake sentimita 33 hivi na urefu karibu mita moja na nusu, ni picha, ni cheti, ni wasifu, na ni barua ya kuagana, vyote pamoja.

SWALI: Naona picha ya Sesshū inauzwa mtandaoni, dola 80. Ninunue? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Nunua kama umeipenda na ukuta wako uko wazi. Ya Sesshū si hiyo. Picha zake sita ni Hazina za Taifa, hakuna mchoraji mwingine mwenye idadi hiyo, na hakuna hata moja iliyoko sokoni. Itazame kwa kioo cha kukuzia: ukiona vitone vidogo vilivyopangika, ni mashine.

SWALI: Maandishi na picha kwenye kitambaa kimoja, mbona hiyo ni kanga? (Msomaji, Mjini Unguja)

JIBU: Bibi, umenipiku, maana nilitaka kulisema mwenyewe.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kakejiku, yaani picha ya kutundika, nayo ina pindo zake za vitambaa vya hariri vilivyofumwa kwa nakshi, ina mji ambao ni mchoro, na ina jina ambalo ni shairi. Na jambo kubwa mnalolijua nyinyi wa kanga, ambalo wageni huwachukua muda kulielewa, ni kwamba jina halielezi mji. Kanga imechorwa mikorosho, jina linamsema jirani. Anayeuliza mikorosho inahusiana nini na jirani hajui kanga. Hali kadhalika shairi la mtawa halikwambii “huu ni mlima”. Linakuja kutoka upande mwingine, linagongana na picha, na cheche ndiyo unayoitafuta.

Bingwa wa mchezo huu kwangu ni Sengai Gibon, aliyefariki mwaka 1837 baada ya kuwa mkuu wa hekalu la Shōfuku-ji huko Hakata, mji wa bandari ambao leo ni sehemu ya Fukuoka. Yeye hakuandika Kichina kigumu tu; aliandika pia Kijapani cha mtaani. Ana picha ya Hotei, yule mtawa mnene mwenye gunia, ameinua mkono juu, na mtoto kando yake anafurahi. Maandishi ni wimbo wa watoto wa kumuuliza Bwana Mwezi ana miaka mingapi, naye anajibu kumi na tatu na saba. Sasa utafute mwezi kwenye picha. Haumo. Kuna mkono, kuna wimbo, na mwezi uko nje ya karatasi. Wenye Zen wana fundisho la zamani kwamba kidole kinachouonyesha mwezi si mwezi; Sengai hakulinukuu, aliwaachia watoto waimbe. Picha hiyo ilimnasa kijana aitwaye Idemitsu Sazō, ambaye baadaye alitajirika kwa biashara ya mafuta, akakusanya kazi za Sengai zipatazo elfu moja.

Ana nyingine ya chura, amekaa kitako, mdomo umepinda kwa tabasamu. Maandishi: ikiwa mtu huwa Budha kwa kukaa tu akitafakari... Sentensi haimaliziki. Chura amekaa hivyo maisha yake yote.

Tofauti na kanga ipo, na si ndogo. Jina la kanga huchapwa kwa maelfu na anayelipatia maana ni mvaaji na siku anayoivaa. Shairi la kakejiku liliandikwa mara moja, na mkono uliokuwa umeiona picha. Na kwa kuwa umeyakutanisha mambo haya mawili, nikukumbushe kwamba miaka ya 1950 na 1960 sehemu ya kanga zilizovaliwa huku zilichapwa Japani na kuletwa kwa meli. Huenda bibi yako alijifunga moja.

SWALI: Kuitundika nyumbani si kuabudu? (Wasomaji watatu, miji mitatu)

JIBU: Zipo zinazotundikwa kwa ibada, kama picha za Bodhidharma, mwasisi wa Zen, au za walimu waliofariki, na mbele yake huwekwa ubani na maua. Na zipo za mlima, mwanzi na kibanda ambazo hata hekaluni hakuna anayeziinamia. Yako ni ya aina ya kwanza au ya pili, angalia kilichochorwa. Hukumu ya dini muulize shekhe wako au padri wako. Mimi ni mtu wa brashi.

SWALI: Mwanangu alisoma Osaka, akaniletea picha ya kutundika kwenye sanduku la mbao. Nimeitundika sebuleni tangu mwaka juzi na sasa imeanza kujikunja pembeni na kuota madoadoa. Nimekosea wapi? (Mama, Tanga)

JIBU: Mama, hujakosea sana, ila imechoka. Picha hizi hazikutengenezwa zikae ukutani mwaka mzima. Wajapani huitundika kwa siku au wiki chache, kwa msimu au kwa mgeni, kisha wanaivua, wanaiviringisha na kuirudisha sandukuni. Kwenye chumba cha chai mwenyeji huchagua picha ya siku hiyo kama anavyochagua vikombe.

Wino wako hautapauka. Masizi hayafi kwa jua. Kinachokufa ni karatasi na kitambaa, na zaidi kinachougua ni gundi. Nyuma ya picha kuna tabaka kadhaa za karatasi zilizobandikwa kwa uji wa wanga wa ngano, na mafundi wengine hutumia uji uliokaa mtungini miaka kumi hivi ili upungue nguvu na picha ibaki laini ikiviringishwa. Uji huo unalegea kwa maji, ndiyo maana baada ya miaka mia hivi fundi anaweza kuibandua picha yote na kuivisha upya. Lakini uji wa wanga ni chakula, na wewe uko Tanga. Unyevu unaleta ukungu, ukungu unaleta madoa, na mende hawahitaji mwaliko.

Ivue leo. Usiifute madoa kwa kitambaa chenye maji wala kwa limau, nakusihi. Itandaze kivulini siku kavu yenye upepo, saa mbili au tatu. Iviringishe bila kuibana, irudishe kwenye sanduku lake la mbao, na sanduku liwekwe juu kabatini, mbali na ukuta wa bafu. Usilifunge kwa mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki inaufungia unyevu ndani. Itoe wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu. Masika ikija, ilale. Hata hekalu la Daitoku-ji pale Kyoto hutoa hazina zake za kutundika mara moja kwa mwaka, mwezi Oktoba, hewa ikiwa safi, zikapigwa upepo, na watu hupanga foleni kuja kuziona siku hiyo. Nawe alika majirani siku ya kuianika.

Na udi, Mama, usiuweke chini yake.

SWALI: Mwalimu, binti yangu amechora Ziwa Tanganyika kwa wino, mitumbwi miwili na milima ya ng’ambo. Mwezi ujao anakwenda masomoni mbali. Nakuomba umwandikie shairi juu yake, kama hao watawa. (Baba, Kigoma)

JIBU: Sengai alipozeeka na jina lake kuenea, watu walifurika kwenye kibanda chake, kila mmoja na karatasi yake ya kuchorewa. Akaandika shairi la kulalamika: hiki kibanda changu cha kujificha kumbe ni choo, maana kila anayekuja anaacha karatasi. Hakuacha kuwachorea.

Itume. Lakini nisiwe wa kwanza, maana simjui binti. Aanze shangazi yake, beti moja, kwa mwandiko wake mwenyewe hata kama umepinda. Afuate mwalimu wake wa kuchora, kisha shoga zake, na yule mvuvi mwenye mtumbwi kama yupo. Mimi nipewe pembe ya kushoto, shibiri moja inanitosha. Na picha yenyewe mwambie asijaze mawingu juu. Kama keshayajaza, gundisha karatasi nyingine hapo juu kwa uji wa ngano.